Dereva Asiyebeba Walio Hai

Katika miaka yote niliyochapisha vijitabu vya mazishi pale River Road, nimeona mtu mmoja tu aliyevisoma vyote, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na hakuwa mfiwa. Alikuwa dereva wa gari la maiti. Familia zilimtuma apitie kwangu asubuhi akielekea mochari. Badala ya kubeba boksi lake na kwenda, alivuta kiti cha wateja, akavaa miwani, akasoma. Alisoma wasifu wa marehemu, majina ya watoto na wakwe, hata shukrani kwa kamati ya chakula. Mara ya kwanza nilidhani anatafuta makosa ya chapa, na mimi sipendi kusahihishwa kabla sijanywa chai.

"Kuna kitu imekosewa?" nikamwuliza.

"Hapana, mama. Nataka tu kujua ni nani nabeba."

Nilishtuka. Mimi niliyewapanga watu hao ukurasa kwa ukurasa sikuwa nikiwasoma. Niliangalia kama wino umekaa sawa, basi.

Nilimwita Dereva, kama kila mtu. Kazi yake haikuwa ya barabara za lami, maana magari ya maiti yenye vioo na mapazia yamejaa mjini. Yeye aliitwa pale ambapo hayo yameshindwa. Kwetu mtu huzikwa kwao, na siku ikishatangazwa haisogezwi, mvua inyeshe isinyeshe. Sasa kama kwao ni juu ya mgongo wa udongo mwekundu, na masika yameshaanza, na njia imegeuka kuwa uji, jeneza litafikaje? Hapo ndipo watu walipomtafuta yule mzee mwenye Land Cruiser ya kijivu.

Niliwahi kumwona kazini, kwenye mazishi ya mama mmoja tuliyepakana naye maduka. Tulifika chini ya kilima tukakuta matope yanang'aa. Dereva alishuka akiwa na suti nyeusi, tai, na gambuti. Hakugusa gari. Alipanda kilima chote kwa miguu akiwa na fimbo, akidungadunga ardhi, akasimama, akarudi nyuma hatua mbili, akadunga tena. Wafiwa tumepanga foleni na miavuli, mchungaji anatazama saa, na mtu huyu anatembea taratibu kana kwamba amekuja kununua shamba. Aliporudi chini aliinama kwenye magurudumu akaanza kuyatoa upepo kwa njiti ya kiberiti, huku akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Nilidhani ni ibada. Kumbe ndiyo ilikuwa saa yake: beti mbili kwa kila gurudumu la mbele, beti tatu kwa kila la nyuma. Tairi lililolegea, alinieleza baadaye, linakanyaga kwa upana na kuyashika matope, lakini lililojaa linachimba kaburi lake lenyewe.

Kisha akageuka akaanza kufukuza watu. Na hapa ndipo alipokuwa na maadui wengi, kwa sababu sisi tukiona gari limekwama kwenye matope, tunakimbia nyuma yake kusukuma. Ndivyo tulivyolelewa. Asiyesukuma ni mtu wa aina gani? Vijana wa pale walikuwa wameshakunja suruali, na mchungaji mwenyewe amemkabidhi mtu Biblia yake.

"Hakuna mtu nyuma ya gari," Dereva akasema.

"Lakini Dereva, tunataka kusaidia."

"Mnataka kusaidia, simameni pale kando na muombe. Pastor, hata wewe. Toka hapo, please."

Sijawahi kumwona mchungaji akitolewa hivyo. Lakini kilichonishangaza zaidi ni mume wa marehemu. Mzee wa watu alikuwa ameketi mbele, miguu imemvimba, akitaka kumsindikiza mkewe mpaka mlangoni. Dereva akamfungulia mlango akamwambia ateremke. Watoto wakawaka. Mmoja akamshika Dereva kwenye ukosi wa koti. Naye hata hakuinua mikono, alisema tu, "Sibebi walio hai kwenye kilima. Mtafute mwingine, ama mzee atembee." Mzee akatembea. Alishikwa huku na huku, akateleza, akachafuka suruali yake ya siku kubwa, na mimi nilisimama pale nikiwa nimeduwaa kwa ukatili ule.

Jeneza lilipanda bila kutikisika. Hakuna injini kupiga kelele, hakuna matope kuruka. Gari lilijivuta mwendo mmoja, pole pole lakini bila kusita, usukani ukicheza kidogo kushoto na kulia ili magurudumu ya mbele yatafute pa kuuma, mpaka likafika uani na kusimama. Kina mama waliacha kulia wakapiga makofi.

Kuna siku nyingine, hii niliisikia tu, ambapo mtaimbo unaopeleka nguvu magurudumu ya nyuma ulivunjika akiwa chini ya kilima. Akautoa, akaubakisha ule wa mbele, akageuza gari na kulipandisha kinyumenyume, kwa kuwa ukirudi nyuma mlimani uzito wote unakaa kwenye yale ya mbele yanayovuta. Marehemu akaingia kwake kwa mgongo wa gari. Wazee wa ukoo wakakataa kupokea jeneza. Wakasema mtu hurudishwa nyumbani akitazama mbele, si kama mwizi anayetoroka. Dereva akawasikiliza mpaka mwisho, akawauliza, "Mlitaka afike vizuri, ama afike?" Walikaa kikao cha nusu saa chini ya mwavuli ndipo wakakubali.

Basi ungedhani mtu wa namna hiyo ni simba kila mahali. Wapi! Kwenye lami alikuwa mwoga wa kupindukia. Mizunguko ya barabara ilimtoa jasho. Mara mbili aligonga kibao cha duka langu akijaribu kuegesha, akashuka akiomba msamaha mpaka nikaona aibu mimi. Siku moja alinipigia simu akiwa Karen, ndani ya maegesho ya maduka makubwa, ameshindwa kupata njia ya kutokea. "Mama, hapa mishale ni mingi," akaniambia, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayekaribia kulia. Tangu hapo alipokuja River Road aliacha gari mbali akatembea. Nikamshangaa. Karibu na mochari wachapishaji ni tele, wana hadi maegesho. Kwa nini mtu anayeuogopa mji awashauri wafiwa wachapishe kwangu, ajitese hivyo kuja, ngazi mbili juu, na boksi zito la kurudi nalo? Nikajipa jibu kwamba kazi yangu ni safi. Nilijivuna kabisa.

Alizoea kukaa hata baada ya kumaliza kusoma. Alinywa chai yangu, akala nduma alizobeba kwenye kopo, akanitazama nikikata karatasi. Mara kwa mara alivuta pumzi kama mtu anayetaka kuanza jambo. Kisha mteja angeingia, naye angesimama na kuchukua boksi lake.

"Ulijifunza wapi kuendesha hivyo kwenye matope?" nilimwuliza siku moja.

"Nilijifunza nikiwa nimechelewa," akasema, akaondoka.

Sasa nifike kwenye kilima cha kwetu. Nyuma ya Kitisuru, ukipita zile nyumba za kuta ndefu na maua, barabara ya lami inakatika na njia inateremka ghafla mpaka bondeni, kwenye shamba dogo la baba yangu. Kiangazi ni vumbi tu. Masika, hata punda huogopa. Baba, ambaye mkono wake wa kushoto haunyooki tangu nimjue, alipata ugonjwa wa figo, akawa wa kwenda kusafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki. Ndugu yangu ndiye aliyekuwa akimpeleka. Alipopata kazi Mombasa aliniachia Prado yake kuukuu na baba.

Mvua ya kwanza tu nikakwama. Nilikanyaga mafuta kwa hasira, magurudumu yakazunguka hewani na gari likazama mpaka mlangoni. Baba akakosa mashine siku ile. Keshoye asubuhi maji yalikuwa yamempanda kifuani, anapumua kwa kuhesabu, na majirani wakampandisha kwa miguu, ameketi kwenye kiti cha plastiki wanne wamekishika. Daktari akaniambia bila kunizungusha kwamba akikosa tena mara mbili, nisije kumlaumu mtu.

Nikamkimbilia Dereva. Nilimwambia hata nitalipa kama kwa maiti, bora ampandishe baba Jumatatu na Alhamisi masika yote. Alikuwa ameshika kikombe. Akakiweka chini.

"Siwezi, mama."

"Huwezi ama hutaki?"

"Unajua sibebi walio hai."

Sikuamini masikio yangu. Miaka kumi na moja amekunywa chai yangu! Nilimwambia maneno mabaya. Nilimwambia angoje basi, baba atafika kwake kwa boksi kama wengine, na kijitabu nitamchapishia mwenyewe. Alisimama akashuka ngazi, nami nikabaki nusu na hasira na nusu nimeshtushwa na mdomo wangu.

Jumamosi asubuhi nilimkuta amesimama chini ya kilima chetu na suti yake nyeusi, gambuti na fimbo. Sikuwa nimemwelekeza njia. Hakuna aliyekuwa amemwelekeza. Nikajiambia madereva wanajua kila mahali.

"Kubeba siwezi," akasema. "Kufundisha naweza. Vua viatu."

Alinipandisha kile kilima peku mara tatu. Alitaka nyayo zangu zijue wapi matope ni ngozi tu juu ya udongo mgumu, na wapi hayana mwisho. Nikamwuliza lini tutaanza kupanda na gari. Akasema si leo. Leo tunajifunza kushindwa. Na kweli, siku nzima ile alinifundisha kitu kimoja tu: gari likikataa katikati ya mwinuko, kanyaga breki, tia gia ya kurudi nyuma, toa mguu kwenye klachi na uache injini yenyewe ilishikilie, kisha rudi chini moja kwa moja, macho nyuma, usukani umenyooka.

"Moyo wako utakwambia geuza gari," alisema. "Utaona ni aibu kurudi kinyumenyume, utataka uteremke ukitazama mbele kama mtu. Usigeuze. Ukilaza gari upande kwenye kilima, limeenda."

Hakuingia ndani ya gari hata mara moja. Alisimama juu ya ukingo wa njia akipunga mikono na kupiga kelele. Katikati ya kilima pana kisiki cha mgrevilia, na kila nilipokifikia alipandwa na wazimu. "Hapo! Hapo usiguse usukani! Nyoosha! Nyoosha!" Niliona pia kwamba yeye mwenyewe akipanda kwa miguu hapiti karibu na kile kisiki, huzunguka kwa upande wa pili kwenye nyasi. Nikadhani ni utelezi.

Kama saa sita hivi baba aliniita kutoka barazani. Alikuwa amekaa pale tangu asubuhi akitutazama. Akanipa kikombe cha chai kilichofunikwa na sahani. "Peleka kwa huyo mtu," akasema. Nikampelekea.

"Ni ya nani?" Dereva akauliza.

"Ni yako. Baba amekutumia."

"Baba yako? Yeye mwenyewe ndiye amesema?"

"Si nimekwambia."

Akakipokea kwa mikono miwili. Halafu, na suti yake ile, akakaa chini kwenye matope. Hakunywa. Alikishikilia mpaka chai ikapoa, na mvuke ulipokwisha ndipo akaimeza yote kwa mkupuo mmoja. Nilisimama pale kama mjinga. Nilifikiri labda ni sukari imemshuka.

Alikuja Jumamosi nne. Alinifundisha gia ya nguvu, ile ya pili, na kutobadilisha katikati. Alinifundisha kuachia mafuta kidogo magurudumu yanapoteleza badala ya kuongeza, ambayo ni kinyume cha kila kitu mguu unachotaka. Alinifundisha kushika usukani vidole gumba vikiwa nje, ili ukipigwa na jiwe usivunjike. "Kilima hakina haraka na wewe," alizoea kusema. Jumamosi ya nne nilipanda mvua ikinyesha, nikapita kisiki, nikatokea kwenye lami, na baba hakukosa mashine tena. Namdai Mungu nini?

Baada ya hapo Dereva aliacha kazi. Macho, alisema. Land Cruiser ikachukuliwa na mpwa wake, na wafiwa wakaanza kumtuma mtu mwingine, ambaye hasomi. Nilikaa mwaka mzima na zaidi bila kumwona. Kiti chake nikakiwekea karatasi.

Nilimwona tena masika haya yaliyopita, Alhamisi. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu na nilikuwa nimeshamfunga baba mkanda, tumewasha gari, tunatakiwa kliniki saa tatu. Dereva alikuwa amesimama mbele ya lango na mwavuli, amekonda, kopo la nduma mkononi.

"Nimekuja kumsalimia mzee," akasema. "Lakini naona mnatoka."

Baba akateremsha kioo. Ndiyo mara ya kwanza kuwaona wakitazamana kwa karibu.

"Panda," baba akasema.

"Mzee, unajua mimi sipandi hapa na mtu."

"Najua. Mimi nilikuwa nimekaa mbele na wewe ile siku. Mke wangu alikuwa amelala huko nyuma. Leo mimi ndio nakwambia panda. Niko na appointment saa tatu, usinicheleweshe."

Mikono yangu iliondoka kwenye usukani. Nilijua mama alifia njiani akipelekwa hospitali nikiwa na miaka mitatu. Ndivyo baba alivyosema siku zote, na hakuwa amedanganya. Hakuwahi kusema njia ipi. Nikautazama mkono wake usionyooka. Nikatazama juu, kwenye kisiki. Hapo ndipo gari lilipolala ubavu, nami nilikuwa nimepita pale mara mia.

"Baba?" nikasema.

"Endesha gari, mama," akanijibu. Mimi nina jina la mama yake, kwa hiyo ndivyo anavyoniita.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa na Dereva akaingia. Gari zima likanuka nduma na koti lililolowa. Nilitaka kumwambia ashuke. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini saa ilikuwa mbili na dakika ishirini na baba alikuwa ameshaanza kuhema, nikatia gia ya nguvu, ya pili, nikaanza kupanda, na machozi yananizuia kuona njia.

Kwenye kisiki magurudumu yakateleza. Niliachia mafuta kidogo, hayakushika. Gari likasimama. Mwili wangu wote, nawaambieni ukweli, ulitaka kugeuza usukani. Nilitaka kulitoa gari pale kwa upande wowote. Nikasubiri yule mtu apige kelele kama Jumamosi zile. Hakusema kitu. Nilimwona kwenye kioo, amefumba macho, mikono yote miwili juu ya kopo. Nikakanyaga breki. Nikatia gia ya kurudi, nikatoa mguu kwenye klachi, nikageuza shingo, na kwa hiyo nilirudi chini kilima chote nikiwa namtazama usoni, usukani umenyooka.

Chini kabisa gari likatulia.

"Tena," baba akasema.

Mara ya pili nilishika nyasi za ule upande ambao Dereva alizoea kuupitia kwa miguu, na tukapanda.

Niliendesha moja kwa moja mpaka kliniki. Muuguzi alimpokea baba mlangoni na kiti cha magurudumu, akasema tumefika kwa wakati, tumsubiri kama kawaida, kwa muda wa saa nne. Nilirudi kwenye gari. Dereva alikuwa bado ameketi nyuma, hajagusa mlango. Nikaingia mbele. Sikugeuka.

"River Road wako wachapishaji wangapi?" nikamwuliza.

"Wengi."

"Na wewe unaogopa mji. Kwa nini ulikuja kwangu?"

"Niliuliza watoto wa yule mama niliyekuwa nimembeba walienda wapi," akasema. "Wakaniambia msichana ana duka. Nikaja nikwambie. Nikapanda ngazi, nikaketi, nikangoja. Siku hiyo ulikuwa na wateja."

"Na siku nyingine?"

"Kila siku ulikuwa na wateja, mama."

Miaka kumi na moja. Nilizitazama ngazi zile mbili kichwani mwangu, na kile kiti, na pumzi zile alizovuta akazimeza. Kisha nikazima injini, nikafunga vioo vyote vinne, nikageuka nikamtazama.

"Leo sina wateja," nikamwambia.